Barua ya wazi kwa PAM: maharagi yenye majivu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Programu ya Chakula Duniani (PAM), Kinshasa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninakuandikia kutoka Kashuga, katika usheferi wa Bashali, Masisi, kwenye barabara itokayo Mweso kwenda Kalembe hadi Walikale.

Mimi ni mmoja wa watu wa mtaa wanaozunguka na beseni kuomba chakula kwa ajili ya waliokimbia vita. Hatuna ghala wala gari. Tuna mabeseni mawili, gunia, na daftari lenye hesabu ya kila nyumba: wenyeji wangapi, wageni wangapi, nani ananyonyesha. Tunapita jioni watu wakisharudi kutoka shambani. Huyu anatoa mihogo miwili, yule kikombe cha unga, mwingine fungu la sombe. Anayetoa leo naye alishawahi kukimbia akapokelewa kwa watu, ndiyo maana hamuulizi mgeni ataondoka lini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni maharagi. Kwetu ya kula na ya mbegu hayakai pamoja. Ya mbegu huchaguliwa moja moja, yaliyonenepa, yasiyotobolewa, kisha huchanganywa na majivu ili fukusi wasiyale. Jioni moja mama mmoja alitumiminia kikombe chake, beseni likatoa vumbi la kijivu. Tukatazamana.

“Mama, hii si mbegu?”

“Ni mbegu. Watoto wa mgeni wangu walilala njaa jana. Chukueni.”

Tukayaosha, yakapikwa. Tangu siku ile nimeyaona majivu hayo katika beseni mara nyingi mno.

Huku tunapanda maharagi mara mbili kwa mwaka: Septemba, halafu Februari au Machi. Familia iliyotoa mbegu zake Agosti haina cha kuvuna mwaka mpya ukiingia, na hapo nayo itaandikwa katika daftari letu, upande wa wanaoomba. Basi wema wa watu wa hapa unaliwa mpaka mzizi, na sisi wenye mabeseni ndio tunaoukusanya. Jambo hili linaniuma.

Najua mzigo wenu. Hesabu za mwanzoni mwa mwaka 2025 zilionyesha Wakongo milioni 27.7 wenye njaa kali. Mapigano ya Goma ya Januari mwaka huo yakafunga uwanja wa ndege, na wafadhili wakubwa wakapunguza fedha. Lakini ninyi ndio mliopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hii hii, na ninachoomba mnakijua. Mmeshafanya pamoja na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo) utaratibu wa kuipa familia chakula wakati inapopewa mbegu, isilazimike kuzila. Uleteni Kashuga: unga, mbaazi, mafuta na chumvi, kabla ya kupanda.

Na msiishie kwenye mahema. Hema linaonekana kutoka barabarani. Mama aliyelala jikoni kwa mwenyeji wake na watoto watano haonekani. Katika Kongo wengi wa waliohama vita wamo majumbani, na sahani yao ni ile ile ya mwenye nyumba. Mkimhesabu mgeni, mhesabuni na aliyempokea.

Daftari letu liko tayari kuwasaidia, ila hatutalituma kwa simu wala kumpa mpita njia. Mahali penye vita orodha ya majina inaweza kumuua mtu, kwa hiyo tunalificha. Mtumeni mtu wenu tulisome naye ana kwa ana, mbele ya chefu wa kijiji na wazee wa makanisa, kisha tumpitishe nyumba kwa nyumba aone kama tumeongopa.

Mvua za kupandia zinaanza Septemba. Tunawaomba mfike Agosti, mbegu zikiwa bado ndani ya majivu yake.

Wenu,
Mkaaji wa Kashuga