UKIONA VYAELEA VIMEUNDWA

Wahenga wetu, ambao maisha yao yalikuwa bahari na vyombo, walituachia neno lisemalo kwamba ukiona vyaelea vimeundwa. Mtu asimamaye pwani na kuliona jahazi limejaza tanga huvutiwa na mwendo wake, na mara nyingi hamsifu mwingine ila nahodha. Ni wachache wamkumbukao fundi aliyeketi kivulini miezi kadhaa akichonga mataruma na kutia kalafati. Leo tunapenda kulizungumza neno hilo katika uwanja wa michezo, kwa sababu tabia ya kumsifu nahodha na kumsahau fundi imeota mizizi katika timu za vyuo, shule na mitaa ya visiwa vyetu.

Kila timu ishindwapo tunasikia maneno yale yale. Mwalimu hafai, afukuzwe. Refa kaonea. Uwanja mbovu. Lakini wachezaji wanaokwisha pumzi dakika ya sabini, na vijana wa miaka ishirini ambao msuli wa paja au goti limekwisha kuwastaafisha, hao hatuwaulizi walijitayarisha vipi, wala hatuulizi ni nani aliyepewa dhamana ya kuitayarisha miili yao. Ili tusionekane kwamba twasema kwa kubahatisha, tumeona vyema tuueleze mfano mmoja wa mbali ambao habari zake ni bayana.

Mfano huo unatoka Marekani, katika mchezo ambao Wamarekani huuita futboli lakini sio kandanda yetu. Ni mchezo wa watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, waliovaa kofia ngumu na ngao za mabega, wanaosukumana kugombea ardhi hatua kwa hatua, na mpira wenyewe mara nyingi huchukuliwa kwa mikono. Huko, vyuo vikuu ndivyo vyenye timu zinazopendwa mno, na mechi ya chuo huweza kujaza uwanja wa watu elfu themanini.

Nebraska ni jimbo la mashamba ya mahindi lililo katikati ya nchi hiyo, mbali na bahari zote mbili. Mwaka 1970 lilikuwa na watu wapatao milioni moja na nusu tu. Chuo Kikuu cha jimbo hilo, kilichopo katika mji wa Lincoln, kilikuwa na timu nzuri chini ya mwalimu mkuu Bob Devaney, aliyeanza kazi hapo mwaka 1962. Lakini mwaka 1967 timu ilishinda mechi sita na kushindwa nne, na mwaka 1968 ikawa hivyo hivyo, sita kwa nne. Mechi ya mwisho ya mwaka huo wa 1968 walifungwa na mahasimu wao wa Oklahoma pointi 47 kwa bila. Baadhi ya washabiki wakaanza kudai kwamba Devaney aondolewe. Msomaji atakubaliana nasi kwamba wimbo huo si mgeni masikioni mwetu.

Devaney hakuondolewa. Badala yake likatendeka jambo dogo ambalo wakati ule halikushtua mtu. Pale chuoni palikuwa na kijana aitwaye Boyd Epley, mrukaji wa upondo, ambaye alikuwa ameumia mgongo na akawa anashinda katika chumba kidogo cha vyuma akijijenga upya. Wachezaji wa futboli waliokuwa majeruhi, waliokuja chumbani humo kujiuguza, wakaanza kumwigiza. Msaidizi wa Devaney, Bwana Tom Osborne, akang'amua kwamba majeruhi hao walikuwa wakirejea uwanjani wakiwa na nguvu zaidi kuliko walivyokuwa kabla ya kuumia. Akamwita Epley, akamwuliza siri yake, kisha akamshawishi Devaney amwajiri.

Haikuwa rahisi. Siku zile walimu wengi wa michezo waliamini kwamba kunyanyua vyuma humfanya mtu awe mzito na mgumu wa viungo kama gogo. Inasimuliwa kwamba Devaney alikubali kwa sharti moja: iwapo mchezaji yeyote atapungua kasi, Epley atafukuzwa kazi. Basi mwaka 1969, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, Epley akaanza kazi ambayo karibu chuo chochote cha nchi ile kilikuwa hakijapata kumlipa mtu aifanye, yaani kuwa mwalimu wa viungo wa timu ya futboli.

Matokeo yake yameandikwa. Mwaka 1969 timu ile ilishinda mechi tisa na kushindwa mbili, na Oklahoma, waliowatia aibu mwaka uliotangulia, wakafungwa pointi 44 kwa 14. Mwaka 1970 hawakufungwa na mtu. Walishinda mechi kumi na moja, wakatoka sare moja, wakawa mabingwa wa taifa. Mwaka 1971 walishinda mechi zote kumi na tatu, wakautwaa ubingwa mara ya pili mfululizo. Osborne mwenyewe akawa mwalimu mkuu kuanzia mwaka 1973 hadi 1997, na Epley akawa naye muda wote huo. Ubingwa ukarudi Lincoln mwaka 1994, 1995 na 1997.

Hatusemi kwamba yote hayo yalikuwa kazi ya mtu mmoja. Osborne aliubadili mpango wa mashambulizi, na wachezaji wapya wenye vipaji waliletwa. Mwenye kudai kwamba vyuma peke yake viliipa Nebraska ubingwa atakuwa amekosea sawa na yule adaiye kwamba mwalimu mkuu peke yake ndiye aliyeshinda. Tunalosema ni kwamba jimbo dogo, lisilo na miji mikubwa ya kuvuna vijana, lilipata njia ya kumchukua kijana wa kawaida na kumrudisha baada ya miaka miwili mitatu akiwa mtu mwingine. Hilo ndilo linalotuhusu sisi watu wa visiwani, kwani hatuwezi kushindana na nchi kubwa kwa wingi wa watu. Twaweza kushindana nazo kwa uangalifu wa kuwatunza wachache tulio nao.

Je, mwalimu wa viungo hufanya nini hasa? Kwanza, hupima. Epley alizipima mbio fupi za wachezaji, akaupima mruko wa juu na uzito wanaoweza kuunyanyua, akaviandika vyote. Mchezaji hakuweza tena kudai kwamba amejitahidi ilhali daftari lasema sivyo. Na mwalimu naye hakuweza kumpendelea mtu kwa sababu ya sura au ukoo.

Pili, hupanga. Mwili wa binadamu hujengeka kwa mzigo unaozidi kidogo kidogo, kisha ukapewa mapumziko ya kujirekebisha. Ukiuzidishia mzigo kwa ghafla huvunjika. Ukiuachia mzigo ule ule hubaki pale pale. Kwa hiyo mwaka mzima hugawanywa. Mashindano yakimalizika, wachezaji hujenga nguvu kwa vyuma vizito na kwa utulivu. Yakikaribia, nguvu ile hugeuzwa kuwa kasi na wepesi. Yakianza, kazi huwa ni kuihifadhi nguvu iliyopatikana, si kuwachosha watu kwa mazoezi ya kuwakomoa. Usingizi na chakula huhesabiwa kuwa sehemu ya mazoezi.

Tatu, mwalimu huyu ndiye akaaye na vijana muda mrefu kuliko mtu mwingine. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, huziwekea kikomo saa ambazo mchezaji anaweza kutakiwa kufanya mazoezi, na nje ya msimu walimu wa mpira huwa na nafasi finyu ya kukutana na wachezaji. Wakati huo mwalimu wa viungo ndiye anayewaona asubuhi baada ya asubuhi. Yeye ndiye ajuaye ni nani hakulala, ni nani hakula, ni nani ana msiba nyumbani. Timu hupata tabia yake mikononi mwake, ikawa timu ya watu wanaofika mapema na kumaliza walichoanza, au ikawa kundi la wavivu wenye jezi nzuri.

Hadi hapo tumesifu. Lakini gazeti lisemalo sifa tupu halimsaidii msomaji. Mtu aliyepewa mamlaka juu ya miili ya vijana amepewa amana nzito, na amana ikikosa mlinzi hugeuka dhuluma.

Tarehe 29 Mei mwaka 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, wachezaji wa futboli walikuwa wakikimbizwa mbio za yadi 110 mara kumi, katika mazoezi ya kwanza ya pamoja baada ya likizo. Kijana mmoja wa miaka kumi na tisa akazidiwa na joto la mwili. Maradhi hayo yana dawa inayojulikana, nayo ni kumtumbukiza mgonjwa mara moja katika maji ya baridi ya barafu, kisha ndipo apelekwe hospitali. Hakutumbukizwa. Joto lake halikupimwa ipasavyo, na ilipita kiasi cha saa moja tangu dalili kuonekana hadi gari la wagonjwa kuitwa. Tarehe 13 Juni kijana huyo alifariki dunia. Mwezi Agosti chuo kilitamka hadharani kwamba kinabeba dhamana ya kisheria na ya kimaadili; mwalimu wa viungo akaacha kazi, na baadaye mwalimu mkuu naye akaondolewa.

Wenye madaraka wanapaswa kulitazama jambo hili kwa makini zaidi. Kanuni hazikukosekana. Tangu mwaka 2003 NCAA ilikuwa imeagiza kwamba mazoezi ya kuukaribisha msimu yaanze polepole, ili miili ya wachezaji ilizoee joto. Mwaka 2016 vyuo vya ligi kubwa vilikuwa vimekubaliana kwamba katika mambo ya afya ya mchezaji kauli ya mwisho ni ya daktari na wahudumu wake wa tiba, na mwalimu asiitengue. Miaka miwili baadaye kijana akafa. Kanuni iliyo kabatini haimwokoi mtu aliyeanguka uwanjani. Kinachomwokoa ni beseni la maji, barafu iliyokwisha kuwekwa tayari, na mtu mwenye ujasiri wa kusema "basi" na asikemewe kwa kusema hivyo.

Kutokana na mfano huo, kwa pande zake zote mbili, tunapenda kuwatanabahisha wanaohusika na michezo ya vijana hapa kwetu mambo matatu.

La kwanza ni kwamba kila chuo na kila klabu iwe na mtu mmoja aliyefunzwa, ambaye dhamana yake ni viungo vya wachezaji mwaka mzima. Tusiambiwe kwamba hakuna fedha. Epley alianzia katika chumba kidogo. Daftari na kalamu si ghali. Lipo zoezi moja la misuli ya nyuma ya mapaja lisilohitaji chombo chochote. Mchezaji hupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo vya miguu, naye akajishusha kifudifudi polepole huku akijizuia asianguke. Uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha kwamba zoezi hilo, likifanywa kwa utaratibu, hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu. Ni timu ngapi zetu zinazolifanya? Mchanga wa pwani tunao, ngazi tunazo, magoti tunayo.

La pili, mazoezi yasiwe adhabu. Katika viwanja vyetu bado tunamsikia mwalimu akijigamba kwamba aliwakimbiza vijana saa saba mchana mpaka wakatapika, na kwamba aliwanyima maji ili wawe wanaume. Huo si ushupavu, ni ujinga. Jua letu halihitaji msaada wa mtu katika kuunguza. Mazoezi mazito na yawe alfajiri au jioni, maji yawepo wakati wote, na mgeni wa mazoezi apewe siku za kuzoea.

La tatu, mwalimu wa viungo apewe heshima, na pamoja na heshima apewe mipaka. Asihukumiwe kwa mechi moja, maana kazi yake huonekana baada ya misimu. Lakini palipo na mgonjwa, kauli ya mganga iwe juu ya kauli yake, na juu ya kauli ya mwalimu mkuu, na juu ya kauli ya kiongozi yeyote aliyeketi jukwaani. Viongozi wetu wa michezo wanaweza kuliagiza hilo bila ya kusubiri bajeti.

Mwaka 1978 Epley na wenzake walianzisha chama cha walimu wa viungo, ambacho leo kina wanachama maelfu katika nchi nyingi. Kazi iliyoanza kwa kudhaniwa kuwa itawafanya wachezaji wazito imekuwa taaluma kamili yenye mitihani na miiko yake. Haikuchukua muujiza. Yalitosha macho ya msaidizi mmoja aliyeona jambo chumbani akauliza, na mwalimu mkuu aliyekubali kusahihishwa ijapokuwa hakuamini.

Vijana wenye vipaji tunao, na kila msimu tunawaona. Kinachotusikitisha ni kuwaona wakichechemea kabla ya kufika umri wa kuoa. Fundi na aitwe sasa, wakati chombo kingali nchi kavu. Kikisha kuingia maji na kuanza kuvuja katikati ya mkondo, hata nahodha hodari hana la kufanya ila kufua maji.