Karatasi za Wanafunzi na Sisi Wafanyakazi



Wako wenzetu ambao wakipewa karatasi ya wanafunzi juu ya ubaguzi wa rangi huifungia njugu bila kuisoma. Husema, "Hawa ni watoto wa shule, jasho hawalijui." Mimi nasema tusifanye haraka.

Katika mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha chama kilichoitwa USARF, na mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda. Walishika upande wa wapigania uhuru wa Msumbiji, Rhodesia na Afrika ya Kusini, nchi ambazo mtu alitawaliwa kwa rangi ya ngozi yake. Mwaka 1969 wakatoa gazeti lao, Cheche. Halikuwa gazeti la fahari: lilipigwa taipu juu ya stensili, kama hili letu. Hata hivyo mwezi wa Novemba 1970 serikali ililifunga, na chama chenyewe pia. Karatasi isiyo na neno ndani, nani angejisumbua kuifunga?

Neno lenyewe lilikuwa hili: ubaguzi si chuki ya moyoni tu; una faida, na wako wanaoila. Sisi wa Mombasa tulikuwa tumekwisha kuliona. Zamani za Waingereza palikuwa na mshahara wa Mzungu, wa Mhindi na wa Mwafrika. Kila mmoja alimtazama aliye chini yake akaogopa kushuka, na mwajiri akalala usingizi. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 wa bandari, reli na kazi nyingine waligoma siku 12, wakakutana uwanja wa Kiembeni. Walitaka, pamoja na mengine, kazi sawa ipate mshahara sawa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka ule, akahamishiwa Kabarnet.

Basi wanafunzi walisema kweli. Lakini sehemu kubwa ya Cheche iliandikwa kwa Kiingereza. Kuli angeisomaje? Neno la kumtetea kuli lisilomfikia kuli ni kama injini iliyoacha mabehewa stesheni: moshi mwingi, mzigo haufiki.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, karatasi ikija isomwe kwa sauti, stesheni, Kilindini na barazani Mji wa Kale. Ajuaye kusoma amsomee asiyejua. Pili, chama chetu kiwaambie wanafunzi: andikeni kwa Kiswahili, na kabla ya kuandika njoni mtuulize. Tatu, nalo ni gumu zaidi: tuwaache waandike na ubaguzi wetu sisi wenyewe. Tunapoitana mtu wa bara na mtu wa pwani, na kunyimana kazi kwa kabila, ngazi ile ya zamani tunaisimamisha kwa mikono yetu, na anayepanda juu yake si sisi.

Umoja ni nguvu.