Uraibu wa intaneti wagusa ubongo wa vijana

Juni 2024, watafiti wa University College London, Uingereza, walichapisha mapitio ya tafiti 12 zilizohusu vijana 237 wa umri wa miaka 10 hadi 19 waliobainika kuwa na uraibu wa intaneti. Picha za ubongo zilionyesha kuwa mawasiliano kati ya sehemu zinazosimamia umakini, maamuzi na kujizuia yalikuwa yamedhoofika.

Matokeo hayo hayathibitishi kwamba intaneti ndiyo chanzo. Huenda baadhi ya vijana hao walikuwa na udhaifu huo tangu awali. Hata hivyo, yanatosha kutuzindua. Kijana anayekesha na simu hadi akasahau masomo na chakula asiitwe mvivu, wala asitandikwe viboko. Anahitaji msaada.

Tunawasihi wazazi wapange muda wa simu na wao wenyewe waufuate. Usiku, simu zilale nje ya chumba cha mtoto. Shule nazo ziwe na washauri nasaha wanaoweza kutambua dalili mapema. Samaki mkunje angali mbichi: ubongo wa kijana bado unajengwa, na wajenzi wake ni sisi.