Nani Tajiri, Nani Aliyefaulu?



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad (S.A.W.), tunaomba tuseme neno juu ya maneno. Katika Maulid iliyopita ya madrasa yetu tuliwasomea wageni majina ya waliochangia. Bwana aliyeleta mifuko kumi ya saruji tulimwita "tajiri wetu", tukamketisha kiti cha mbele, takbir ikaletwa mara tatu. Bibi aliyeleta debe la mahindi, tena katika mwaka ambao mvua ilikatika mapema, hatukumtaja kabisa. Karatasi ilikuwa imejaa. Siku ya pili mtoto wa darasa la Juzuu Amma akatuuliza, "Ustadhi, kwani bibi yangu hakutoa?" Tulikosa jibu, na makala haya yametokana na swali hilo.

Kiswahili kina maneno mengi ya mtu aliyejaliwa. Kuna tajiri, mkwasi, mwenye nazo, kibopa. Vijana wakaleta pedeshee, na siku hizi wanasema fulani "katoboa". Tunayatumia yote kana kwamba ni kitu kimoja, na huku tukiyachanganya na neema, baraka, ustawi na kufaulu. Lakini tajiri kwa asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya mfanyabiashara tu, mtu anayenunua na kuuza, apate faida au apate hasara. Sisi ndio tuliolivisha joho la ukubwa. Neema ni kila alichokupa Mola wako, hata ikiwa ni macho yako na maji ya kisima. Baraka nayo haihesabiwi kwa wingi, kwani kila mama wa nyumba anajua kuna gunia linaloisha upesi na kuna debe linalofikisha watoto kwenye mavuno.

Neno ustawi nalo lina asili ya Kiarabu, na asili yake ni kitu kusimama sawasawa na kukomaa. Mwishoni mwa Surat al-Fath, Maswahaba wamepigiwa mfano wa mmea wa shambani unaotoa chipukizi mpaka ukajisimamia wenyewe. Sisi watu wa Handeni hatuhitaji tafsiri ndefu ya mfano huo. Tunajua mahindi yaliyorefuka kwa mvua za mwanzo kisha yakakauka kabla ya kubeba, na tunajua yale mafupi yaliyoshika ardhi.

Na falah je? Muadhini anatuita kwenye falah mara tano kila siku, nasi tumezoea kusema maana yake ni kufaulu. Shina hilohilo la Kiarabu ndilo linalotoa fallah, yaani mkulima, mwenye kupasua ardhi. Basi bibi wa debe yupo karibu na neno hilo kuliko tulivyodhani. (Tusieleweke vibaya, saruji ya bwana yule tunaihitaji, na ukuta wa nyuma bado haujakwisha.)

Jambo hili si la vitabuni peke yake hapa Kang'ata. Tangu habari za dhahabu ya Magambazi zilipoenea, tumekuwa tukipoteza wanafunzi. Kijana anaacha msahafu katikati, anaingia kwenye maduara, na baada ya miezi anarudi na pikipiki. Watoto wanamkimbilia, na watu wazima barazani wanasema, "Huyu kafanikiwa." Hakuna anayeuliza kama pikipiki ni yake au ni ya mkopo. Hakuna anayewataja wenzake waliorudi mikono mitupu, wala wale wanaoosha dhahabu kwa zebaki bila kinga mikononi. Hatusemi uchimbaji ni haramu. Ni jasho, na jasho la halali lina heshima yake. Tunachosema ni kwamba neno "kafanikiwa" likitamkwa mbele ya mtoto wa miaka 12 ni mwaliko, na sisi ndio tunaoutoa.

Wazee wa Korogwe wamekwisha kuona namna sifa za aina hii zinavyogeuka. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaja mashamba makubwa, watu wakatoka mikoa ya mbali kuja kuwa manamba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Zao likaitwa dhahabu ya kijani. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno hayakufika hata tani 30,000.

Wapo wazazi watakaotuambia kwamba walimu wa madrasa husifu umaskini kwa kuwa hawana kitu. Hapana. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina bila mali, ndugu yake wa Kiansari alijitolea kumpa nusu ya mali yake, naye akamshukuru akaomba aonyeshwe soko. Akafanya biashara, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Maswahaba. Lakini siku moja amefunga, akaletewa chakula, akamkumbuka Mus'ab bin Umair (R.A.), kijana aliyelelewa kwa anasa Makka akaja kuuawa Uhud, na nguo ya kumkafini ikawa fupi, wakifunika kichwa miguu inabaki wazi. Abdurrahman akasema Mus'ab alikuwa bora kuliko yeye, akalia, chakula akakiacha. Tajiri mwenyewe ndiye aliyetamka hivyo, hakusemewa na fukara.

Kwa hiyo tumekubaliana walimu wote kwamba Maulid ijayo, inshaallah, majina yatasomwa kwa kufuata herufi, saruji na mahindi pamoja, bila cheo. Kwa bibi yule tulikwenda kuomba radhi. Alitukaribisha uji, akacheka sana, kisha akatuuliza debe lake tutamrudishia lini, maana analihitaji kupimia mbegu.