Usikimbilie Kurudisha Hotpoti

Harusi yangu ilipovunjika, kadi za michango zilikuwa zimeshagawiwa, kamati imeshakaa vikao vinne, na ukumbi umeshalipiwa nusu. Mwenzangu alituma ujumbe mmoja wa simu, kisha namba yake haikupatikana tena. Aliyewahi kuachwa hadharani anakijua kilichofuata: kupita njia ya nyuma ili usikutane na wanakamati, kurudisha michango ya watu mmoja baada ya mwingine, kusalimiwa kwa sauti ya chini kama mfiwa.

Wiki ya tatu, mama mmoja wa jumuiya yetu alipiga hodi jioni, mkononi ana hotpoti ya ndizi nyama iliyofungwa kwa kanga. Hakuuliza kitu. Aliiweka mezani, akakaa kidogo, akaaga. Nilikula vijiko viwili nikiwa nimesimama jikoni, kilichobaki nikawapa watoto wa jirani. Usiku uleule nikaisugua ile hotpoti mpaka ikang'aa, nikatia ndani kilo mbili za sukari, na kabla ya saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Nilijiona nina adabu. Kwetu chombo hakirudi kitupu, nami nilikuwa nimekijaza. Mama yule akaitazama sukari, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "mbona unanilipa kama uko dukani?"

Ilinichukua miaka kulielewa swali lile. Sukari ilikuwa njia yangu ya kuhakikisha hanidai kitu, asije akapata sababu ya kurudi. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hakuna atakayeniona tena nikiwa mhitaji. Nikawa mtoaji hodari. Msibani nilifika wa kwanza, mchango wangu ulikuwa wa kwanza, na kikapu cha matunda cha mgonjwa nilikinunua mimi. Watu wakanisifu kwamba nimesimama imara, Bwana asifiwe. Hakuna aliyegundua kuwa kwa muda wote huo sikuwahi kumruhusu mtu anipe hata kikombe cha chai.

Nawaandikia hasa ninyi mnaoishi hivyo. Mko wengi makanisani. Ni watunza hazina, ni viongozi wa kwaya, ni wazee wa kanisa ambao baba zao hawakuwahi kuwashika mkono. Ni wajane walioporwa shamba kabla ya arobaini. Ni vijana waliolelewa kwa mashangazi, wakahesabiwa kila sahani ya ugali. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyoka wetu wengine walikuwa watu wa nyumbani. Sitawaambia kwamba mnajisumbua bure. Mlichofanyiwa kilitokea kweli, na kuta mlizojenga ziliwasitiri siku ambazo hapakuwa na kingine cha kuwasitiri.

Ila nawaomba tusome pamoja habari za mtu mmoja ambaye mahubiri yetu humpita haraka. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano siku zilipofika habari kutoka Yezreeli kwamba babu yake Mfalme Sauli na baba yake Yonathani wameuawa vitani. Yaya wake akambeba mbiombio, na katika ile haraka mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Msomaji, angalia hapo. Aliyemwangusha alikuwa anamwokoa. Majeraha mengine tumeyapata mikononi mwa watu waliotupenda, na haya ndiyo magumu kuyasimulia, maana huna hata wa kumkasirikia.

Akakulia Lodebari, ng'ambo ya Yordani, nyumbani kwa mtu aitwaye Makiri mwana wa Amieli. Wapo wanaolifasiri jina la mji huo kuwa mahali pasipo malisho. Huko akawa mtu mzima, akapata mtoto, akaishi kwa hofu, kwa kuwa mfalme mpya, Daudi, hakuwa wa ukoo wake na desturi ya nyakati zile ilikuwa kuumaliza ukoo uliotangulia. Siku wajumbe wa Daudi walipobisha hodi, bila shaka alidhani kifo kimefika. Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya tisa, kinasema alianguka kifudifudi, na alipoambiwa asiogope, kwamba atarudishiwa mashamba ya babu yake na atakula mezani pa mfalme siku zote, akajifananisha na mbwa mfu. Huyo ni mtu aliyeumia akizungumza. Upendo umemfikia mlangoni, naye anatafuta sababu ya kuukataa.

Daudi hakubishana naye. Hakumhubiria kujithamini. Alimwita Siba mtumishi, akapanga mambo ya shamba, na chakula kikapakuliwa. Napenda sana jinsi sura ile inavyoishia. Baada ya habari za meza ya mfalme na makao mapya Yerusalemu, mwandishi anaturudisha tena kwenye miguu ya yule bwana, kwamba alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Hakupona kwanza ndipo akaribishwe. Alikaa mezani na ulemavu wake, kitambaa cha meza kikaifunika miguu yake kama kilivyoifunika ya wengine. (Kitambaa nimekiongeza mimi. Nadhani Mungu ataniwia radhi.)

Ndugu yangu unayesema, "Ngoja kwanza nikae sawa, ndipo niwakaribie watu," hebu isome tena sura hiyo.

Na kuna Makiri. Miaka baadaye Daudi mwenyewe alikimbia Yerusalemu, akifukuzwa na Absalomu mwanawe wa kumzaa. Sijui kama yapo maumivu yanayozidi hayo. Alipofika Mahanaimu amechoka, kati ya waliokuja kumpokea alikuwamo Makiri wa Lodebari, yuleyule aliyemhifadhi mtoto mlemavu. Alikuja na wenzake, wamebeba vitanda, mabakuli, vyungu, ngano, unga, maharagwe, dengu, asali, siagi na kondoo. Ni orodha ya wapishi wa msibani kabisa. Na mfalme, ambaye siku zote ndiye aliyekuwa na meza, akala vya kuletewa.

Sasa niwageukie wachungaji, mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya, kwa heshima zote. Tuna maneno tunayowapa watu upesi mno. "Samehe usahau." "Yaache yapite." "Mwachie Mungu." Mtu amekuja na kidonda kibichi, nasi tunakifunga kabla ya kukiosha. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa shangwe mwishoni, na watakatifu walioikusanya hawakuiondoa. Kanisa linaloisali zaburi hiyo linaweza kumwacha dada alie bila kumharakisha.

Na kwako dada unayepigwa nyumbani, kuufungua moyo upokee upendo hakuna maana ya kurudi kwa anayekuumiza. Kumsamehe mtu na kulala naye nyumba moja ni mambo mawili. Vituo vyetu vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya jambo hilohilo, na mchungaji anayemsindikiza muumini hadi pale anafanya kazi ya uchungaji. Vilevile anayekaa wiki nyingi bila usingizi, hali chakula, hatamani kitu, anayeanza kuona bora asingekuwepo, anahitaji maombi na daktari pia, wala asicheleweshwe. Tuache kulitumia jina la Mirembe kama tusi. Ni hospitali ya magonjwa ya akili, na watu wanatibiwa pale.

Lakini si kila msaada hutoka hospitalini. Daktari Dixon Chibanda, mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alianza kazi Mbare, kitongoji cha Harare, mwaka 2006, akiwa hana chumba wala wauguzi wa ziada. Alichopewa ni mabibi 14 na nafasi nje ya jengo. Wakaweka mabenchi chini ya miti. Mwanzoni yaliitwa mabenchi ya afya ya akili, watu wakayakwepa. Mabibi wenyewe ndio walioshauri yaitwe mabenchi ya urafiki. Hawakutumia neno la kigeni la sonona. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi nasi tunalo letu: tunasema fulani "ana mawazo", na kila mtu anaelewa kwamba mambo si mazuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata kukaa kwenye mabenchi hayo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Benchi, bibi, na mtu wa kusikiliza. Ni parokia gani au usharika gani kwetu uliokosa vitu hivyo vitatu? Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliziweka jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa kazi yao, na leo kila Jumamosi alfajiri, kabla maandazi hayajaisha kibandani, tunakusanyika nyumba hadi nyumba. Wenzetu Walutheri nao wana jumuiya zao. Mtandao wa kumfikia kila aliyejifungia tayari upo. Mara nyingi tunaujaza matangazo ya michango mpaka muda unaisha.

Mimi nilianza kufunguka Alhamisi Kuu moja. Tangu Januari 2016 Papa Fransisko aliporuhusu wanawake nao wawe kati ya wanaooshwa miguu, parokia yetu huchagua kina mama kadhaa, na mwaka huo jina langu likasomwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilizisugua nyayo kwa jiwe, nikajipaka mafuta, nikakata kucha. Nilikuwa nakwenda kuoshwa nikiwa nimeshajiosha. Padre alipopiga magoti mbele yangu nilirudisha mguu nyuma bila kukusudia, kama Petro aliyekataa katakata kuoshwa na Bwana wake, hata akaambiwa kwamba pasipo hilo hana sehemu naye. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Yalipita kwenye ufa wa kisigino ambao jiwe lilishindwa kuuondoa, yakaniwasha kidogo. Nikalia mbele ya kanisa zima, na sikukimbilia kitambaa.

Wiki iliyofuata mama yule alipita kwangu na hotpoti, safari hii ya maharage ya nazi. Nilikula nimekaa. Hotpoti yake ilikaa jikoni kwangu siku tisa, na aliponiuliza nilimwambia, "Bado, mama, naitumia."

Basi ombi langu kwako uliyeumia ni dogo. Wiki hii mtu akikupa kitu, lifti, chakula, neno jema au bega, kipokee, na usilipe mpaka wiki iishe. Utajisikia vibaya siku mbili za kwanza. Vumilia. Kama huna anayekuletea, mwambie mtu mmoja unayemwamini sentensi moja ya kweli kuhusu hali yako, kisha mwache ajibu anavyojua.

Na kwenu viongozi wa jumuiya: Jumamosi ijayo, kabla ya matangazo, mwenyekiti aulize swali alilouliza Daudi, kama amebaki mtu ambaye tungeweza kumtendea wema. Ataonekana. Yupo aliyeacha kuja tangu mazishi, yupo ambaye geti lake halifunguliwi, yupo pia anayekuja kila mara na kuondoka kabla ya chai. Chagueni wawili wenye masikio kuliko midomo. Waende asubuhi hiyohiyo kabla jua halijawa kali, wabebe kitu cha moto, na wakifika wasiulize maswali.