TONE LA JICHO LINAPOFIKA MOYONI

Juzi nilipanda matatu ya Nakuru nikaketi karibu na mzee mmoja aliyeingilia pale Sachangwan, mkononi ana kichupa cha dawa ya presha ya macho, yaani glakoma. Aliniambia majuzi nusura agongwe na trela akivuka barabara. Hakuliona likija ubavuni. Na dawa je?

"Niliiacha, mwanangu. Nikiamka usiku nasikia kizunguzungu."

Mzee hakuwa akiota. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Yakikosa njia, presha hupanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha ubongoni. Mshipa huo hulishwa na damu. Presha ya mwili huisukuma damu iingie, ya jicho huizuia. Kwa hiyo tone linaloshusha presha ya jicho huifungulia damu njia.

Tatizo ni kwamba timololi, dawa iliyoanza kutumiwa miaka ya 1970 na ambayo mzee alikuwa nayo, haibaki jichoni. Hupitia kijitundu cha machozi hadi puani, ikaingia katika damu, ikapunguza mwendo wa moyo. Usiku presha ya mwili hushuka yenyewe. Ikishushwa zaidi, damu ya jichoni nayo huweza kupungua. Mwenye pumu anaweza hata kubanwa kifua.

Ziko nyingine. Latanoprosti huyafungulia maji mlango wa kutokea, wala haipunguzi mwendo wa moyo. Dozolamaidi imeonekana katika uchunguzi kadhaa kuongeza kidogo mwendo wa damu jichoni, ingawa haijathibitishwa kwamba hilo peke yake huokoa macho.

Utafiti wa Nakuru wa 2007 na 2008 ulipima watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi. Wengi wa waliokuwa na glakoma hawakujua. Mzee wangu alijua, kisha akaacha dawa! Kuona kulikopotea hakurudi.

Nilimsihi amweleze daktari habari ya kizunguzungu, na vidonge vya presha anavyomeza jioni, ili abadilishiwe dawa au saa. Nikamwonyesha: tone moja tu, fumba jicho, bonyeza kona iliyo karibu na pua dakika 2 hadi 3. Kama dawa ni mbili, ngoja dakika 5 katikati.

Tulipoingia Nakuru alikuwa bado amebonyeza kona ya jicho, akijizoeza bila dawa, na utingo akimdai nauli.