Forodhani na Ushahidi wa Watunzi

Kila wakuu wa mji wanapotaka kujua raia wanaionaje bustani yao, hutuma vijana wenye karatasi za maswali, nao wakazi, kwa ile adabu yetu ya kutomvunja mgeni moyo, hujibu kwamba mambo yote ni mazuri, alhamdulillahi. Kisha majibu hayo hujumlishwa na kuandikiwa ripoti isiyo na harufu ya pweza wa kuchoma wala kelele za watoto wanaojirusha baharini.

Naiwaza Forodhani ya Unguja, bustani iliyo baina ya Ngome Kongwe na bahari, iliyoitwa zamani Jubilee, ambayo taasisi ya Aga Khan ya utamaduni iliitengeneza upya ikafunguliwa mwaka 2009. Kazi ile ilikuwa njema, nami si katika wanaoitia ila. Lakini taa na mawe huhesabika, ilhali huenda yuko mama mwenye buibui ajaye baada ya magharibi kupunga upepo na wanawe, akatafuta kiti kilicho mbali na kamera za wapitao, na hilo hatalisema, maana halikuulizwa. Lau angepewa mkaa akaichora njia aipitayo kutoka nyumbani hadi ukuta wa bahari, akaonyesha anapokaza mwendo na anapotua, au akatunga beti mbili juu ya jioni yake, tungeijua hofu yake na faraja yake pamoja.

Wala sanaa kutoa ushahidi namna hii si jambo geni Unguja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyesafiri Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, aliimba hata mauaji na hukumu za zama zake, na machungu ya wanyonge wa mitaa ya Ng'ambo aghalabu twayapata kwake kwa ufasaha usiokuwamo katika daftari za makarani.

Nichelealo ni sanaa kufanywa pambo: kikundi cha taarab huitwa siku ya ufunguzi, wakubwa wakatunza, kisha mashairi yasifike kikaoni. Rai yangu ni kwamba beti na michoro ya wakazi iwekwe mbele ya wahandisi kabla ramani haijapitishwa, na penye fumbo alifumbue mtunzi mwenyewe, si mtaalamu aliyeletwa kwa ndege. Na mtunzi huyo alipwe ujira wake, kwani mhandisi naye halipwi makofi.